Magurudumu Mawili ya Nyuma

Mjukuu wangu,

Picha yako imefika. Binti wa jirani alinifungulia kwenye simu, akaikuza kwa vidole mpaka nikaona vichwa vya misumari kwenye bati. Umesimama kwenye Makumbusho ya Reli Nairobi, mgongo umeuegemeza kwenye tangi la maji kama mtu aliyeegemea ukuta wa baa, na chini umeandika: "Babu, hili treni limekatwa mkia?" Kabla sijamaliza kucheka, ukafuata ujumbe wa pili. Unataka hati ya kiwanja cha Ibinzamata, kiuzwe, upate milioni nane za kuingia ubia kwenye duara la kuchimba dhahabu huko Nyarugusu. Mwamba umeshaonekana, unasema, na wenzako hawatakusubiri kupita mwisho wa mwezi.

Nitajibu yote mawili, ila naanza na la treni. Soma mpaka mwisho, usiruke ukitafuta neno "ndiyo". Na hao wenzako wasomee kwa sauti jioni mkisubiri ugali uive. Sina siri nao.

Kwanza, hilo si treni, ni kichwa cha treni. Wala hakikukatwa mkia, ndivyo kilivyozaliwa. Vile vingine ulivyoviona jirani yake, kama kile kilichoandikwa Nyaturu, huburuta nyuma kigari cha maji na mafuta ambacho sisi tulikiita tenda. Hicho chako kina matangi mbavuni, kushoto na kulia mwa boila, na akiba yake ya moto iko mgongoni kwa dereva. Kinabeba maji yake chenyewe, kama mchunga ng'ombe mwenye kibuyu kiunoni. Hakikuagizwa kwa safari za kwenda Kigoma au Kampala. Kilikuwa cha yadini: kinayapokea mabehewa yaliyoingia, kinayatenga, kinayapanga upya, ya bara huku, ya bandarini kule, hatua mia mbele, hatua mia nyuma, kutwa kucha. Na kwa kuwa hakuna tenda ya kumziba dereva macho akirudi kinyumenyume, hakikuwa na haja ya kugeuzwa. Mbele na nyuma kwake ni mamoja.

Mimi nilikifahamu kikiwa hai. Nilianza kazi ya reli Tabora mwaka 1968, kufuta vichwa kwa matambara yaliyochovywa mafuta ya taa, nikapanda nikawa mtia moto. Mwaka 1971 tulipelekwa Nairobi mafunzoni, enzi hizo shirika likiwa moja kwa nchi zote tatu, na dirisha la bweni letu lilitazama yadi. Usiku kucha nilikisikia kikikohoa, kikinyamaza, halafu mabehewa yanagongana kuanzia la kwanza hadi la mwisho kama mtu aliyeangusha rundo la sufuria. Wenzangu walikilaani. Mimi kilinibembeleza usingizi.

Ukoo wake ni huu. Mwaka 1948 reli ya Kenya na Uganda iliunganishwa na reli ya Tanganyika, likapatikana Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki. Kila upande ulikuja na vyombo vyake, kama wake wenza wanaohamia nyumba moja. Kenya na Uganda walileta vichwa vidogo vya tangi vya kundi walilokuwa wakiliita ED1, vilivyoundwa katika kiwanda cha Vulcan Foundry huko Uingereza kati ya 1926 na 1930. Tanganyika ilileta vichache vya kiwanda hichohicho, vinavyofanana na vile kama mayai ya kuku mmoja. Wakuu wakaviweka fungu moja, wakaviita kundi la 11, na kazi ikaendelea.

Lakini baada ya vita mizigo iliongezeka. Reli yetu hii, inayotoka Tabora ikapita hapa Shinyanga hadi Mwanza, ilikamilika mwaka 1928, na baba yangu alikuwa akisema kwamba kabla ya reli pamba ilikwenda kichwani kwa mtu. Nilipokuwa mtoto marobota yalirundikwa stesheni za Seke na Malampaka mpaka yakapita urefu wa nyumba. Treni zikarefuka, na vile vidogo vikaanza kuhema. Shirika likaagiza vichwa vya tangi vyenye nguvu zaidi kutoka North British Locomotive Company ya Glasgow, Uskoti. Hilo ndilo kundi la 13, ndilo uliloegemea wewe. Vilikuwa 18, vikaingia kazini kati ya 1952 na 1953.

Sasa sikiliza vizuri, maana ndipo penyewe.

Kichwa cha treni hutajwa kwa hesabu ya magurudumu yake. Kwenye karatasi za maagizo, kundi la 13 lilikuwa na magurudumu madogo manne mbele ya kuongoza njia, makubwa manane katikati yanayozungushwa na mvuke, na madogo mawili nyuma. Manne, manane, mawili. Rudi kwenye picha yako uhesabu. Nyuma si mawili, ni manne.

Walipokwisha kukiunda walikuta kimekuwa kizito kupita kiasi upande wa nyuma. Fikiri mwenyewe kilichoko huko nyuma: chumba cha moto, chumba cha dereva na msaidizi wake, na akiba yote ya mafuta. Magurudumu mawili yasingebeba uzito huo bila kuiumiza njia. Reli haikuulizi nia yako, wala haisomi barua ya mwajiri wako. Inachojua ni tani ngapi zimekaa juu ya kila ekseli, na zikizidi inapinda, au taruma linapasuka, au daraja linalia. Basi mafundi wakaling'oa lile gari dogo la magurudumu mawili wakaweka la manne. Kichwa kilichoagizwa kikiwa kimoja kikafika Afrika kikiwa kingine, na kikafanya kazi miaka mingi bila mtu wa yadini kujua kwamba kulikuwa na kosa.

Nilisimuliwa hayo na mwalimu wetu pale Nairobi, mtu mzima wa Kisumu mwenye miwani iliyofungwa uzi. Darasa zima lilicheka Wazungu waliokosea hesabu. Yeye hakucheka. Akatuuliza: mngekuwa nyinyi, mngefanyaje? Mmoja akasema angepunguza mafuta. Mwingine akasema angekipeleka hivyohivyo, kwani yadini mwendo ni mdogo, nani atajua. Mwalimu akamtazama huyo wa pili kwa muda mrefu, kisha akaendelea na somo.

Mimi nilimcheka yule wa pili, na baadaye nikawa yeye.

Wewe hujapata kuisikia habari hii kwa sababu bibi yako hapendi itajwe. Nilipoacha kazi miaka ya tisini nilipewa kiinua mgongo. Fedha ile sikuwahi kuiona kabla wala baada. Nyumba yetu ilikuwa ya bati nusu na nyasi nusu, mama yako alikuwa kidato cha pili, na mimi nikamfuata rafiki yangu kwenye rashi ya dhahabu, mahali ambapo sitapataja. Tulikuwa wanne kwenye duara moja. Jiwe la kwanza nililoonyeshwa lilikuwa na dhahabu unayoiona kwa macho, punje kama chembe za ulezi. Usiku ule nilipiga hesabu kwenye karatasi ya sigara: mifuko mingapi ya mawe, gramu ngapi kwa mfuko, bei gani kwa gramu. Hesabu ya mbele yote niliimaliza. Hesabu ya nyuma sikuigusa. Nani atalipia matimba ya kushikilia kuta za shimo? Pampu ya kukodi inakula dizeli kiasi gani kwa siku? Vijana kumi na wawili wanakula debe ngapi kwa wiki, na dhahabu ikichelewa miezi sita watakula nini?

Wiki ya tatu tukakuta maji. Si maji ya kuteka kwa ndoo, maji yanayoingia kwa sauti. Tukakodi pampu, ikafa; tukakodi nyingine. Niliuza baiskeli, nikauza ng'ombe wanne wa baba yangu aliyekuwa ameshafariki, wala sikuwauliza ndugu zangu. Nakumbuka usiku mmoja nimekaa mdomoni mwa duara nimejifunika blanketi, nasikiliza injini ya pampu jinsi nilivyokuwa nasikiliza kile kichwa cha Nairobi, ikakohoa mara mbili, ikanyamaza. Sikuinuka. Nilikaa tu nikisikia maji yakipanda. Asubuhi nilitembea hadi barabarani na blanketi langu. Mama yako hakurudi shule muhula uliofuata. Kwa hiyo ukiona anakusisitizia vyeti mpaka unachoka, ujue anachokililia kilizama kwenye shimo gani.

Dhahabu ilikuwepo, usidhani tulidanganywa. Wengine waliingia duara lile baada yetu wakatoa. Sisi tulikuwa wazito nyuma, tuna magurudumu mawili.

Kuna jambo jingine la vichwa vya tangi ambalo dereva yeyote wa zamani atakuambia. Kichwa hushika reli kwa uzito wake, na kwenye kichwa cha tangi maji ni sehemu ya uzito huo. Kadiri kinavyofanya kazi maji yanapungua, kinakuwa chepesi, na mshiko unapungua nao. Asubuhi kinavuta mabehewa yote bila wasiwasi. Jioni, kwa mabehewa yaleyale, magurudumu yanazunguka palepale yanatoa cheche, na dereva anamwaga mchanga relini kutafuta mshiko. Mtu mgeni atasema injini imechoka. Haijachoka, imekunywa uzito wake yenyewe. Dereva mzuri hakusubiri mpaka afike hapo. Alilisogelea bomba la maji tangi likiwa bado na nusu, hata kama msimamizi wa yadi anapiga filimbi kumharakisha. Wewe unasema wenzako hawatakusubiri. Hiyo ni filimbi ya yadi. Niliisikia miaka mingi, sijaona siku ambayo bomba la maji lilihama kwa sababu yake.

Sasa hilo jiwe mlilotumiwa picha. Unasema mwamba umeonekana, nani ameuona? Kwenye boila kulikuwa na kioo kirefu chembamba cha kuonyesha maji yamefika wapi ndani. Tulikuwa tunakichungulia kuliko tulivyochungulia njia. Lakini kioo kile kinaweza kukudanganya: tundu lake la chini likiziba kwa uchafu, maji yanabaki yamesimama ndani ya kioo yakionekana tele, wakati ndani ya boila yamekwisha. Ndiyo maana hukukiamini kwa kukitazama. Ulifungua bomba dogo la chini, maji yakatoka kwa kishindo, ukafunga, ukaangalia yanavyopanda tena. Yakipanda upesi, sawa. Yakipanda kivivu, kioo kimeziba, na wewe uko kwenye hatari. Sampuli moja iliyochukuliwa na mwenye duara anayetafuta mbia ni kioo ambacho hakijafunguliwa. Shuka mwenyewe, piga mawe sehemu tatu nne, peleka karasha tofauti, twanga, osha mbele ya macho yako. Uliza leseni ni ya nani na jina lako litaandikwa wapi.

Na chumba cha moto kilikuwa na kitu kinachoitwa plagi ya risasi. Paa la chumba kile limefunikwa na maji muda wote. Moto uko chini, maji juu. Kwenye paa kuna plagi yenye tundu lililojazwa madini ya risasi. Maji yakiwepo yanaipoza, risasi inabaki ngumu. Maji yakishuka chini ya paa, risasi inayeyuka, mvuke unapenya kwa kelele kuingia kwenye moto, na watu wote wanajua mtia moto amezembea. Kichwa kinakufa hapohapo njiani, kinavutwa na kingine kurudishwa karakana, na wewe unaandikiwa barua. Bila plagi ile, paa lingelainika kwa moto, boila ingepasuka, na barua wangeandikiwa wazazi wako. Nimewahi kuiona plagi imeyeyuka mara moja. Mwenzangu aliyehusika alitukanwa yadi nzima, akapewa jina la utani ambalo alikufa nalo, uzeeni, kitandani kwake, amezungukwa na wajukuu.

Kwa hiyo kabla hujaingia, amua risasi yako itayeyukia wapi. Kiasi hiki kikiisha natoka, hata kama wananiambia bado mita mbili. Siku ngapi bila matokeo narudi nyumbani. Matimba yakilia, nani mwenye amri ya kusema tokeni, na je, mwenye duara atamsikiliza? Mwaka 2015 pale Nyangalata, Kahama, wachimbaji watano waliopolewa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi. Nchi nzima ilishangilia, na mimi nilishangilia. Lakini siku 41, mjukuu wangu! Nilimtazama bibi yako nikamwambia, hawa Mungu amewapa magurudumu ambayo hawakuja nayo.

Najua utanijibu kwa habari ya Laizer. Kila kijana akibanwa anamtaja yeye. Ni kweli, mwaka 2020 Saniniu Laizer aliiuzia serikali mawe mawili ya tanzanite kwa zaidi ya shilingi bilioni saba. Ila waandishi walipomuuliza maisha yake yatabadilika vipi, alijibu kwamba ataendelea kuwatunza ng'ombe wake 2,000. Umesikia hesabu hiyo? Elfu mbili, kabla ya tanzanite kuongezwa. Huyo alikuwa na magurudumu ya nyuma ya kutosha treni mbili.

Nakuona unataka jina, na si kosa kwa umri wako. Hapo Nairobi umepiga picha pia mbele ya yale majitu ya kundi la 59, vichwa vya mvuke vikubwa kuliko vyote vya reli ya mita moja, tani 252 kimoja. Vilikuwa 34, kila kimoja kimepewa jina la mlima, na hivyo viwili vilivyobaki hapo, Gelai na Shengena, ni milima ya huku kwetu Tanzania. Kundi la 13 halikupewa jina lolote, ni namba tu, 1301 hadi 1318. Lakini mtu aliyelala kwenye bweni la yadini anajua kwamba mlima hauendi popote mpaka namba iupangie mabehewa. Wewe una cheti cha ufundi umeme cha VETA. Huko Nyarugusu, kila karasha linahitaji mtu wa kufunga mota, kila duara linahitaji taa na pampu, na mtu huyo hulipwa dhahabu ikitoka na isipotoka. Nimeshangaa kwamba kati ya wote hao wewe ndiye unayetaka kulipa ili uingie.

Na usidhani nakuambia ukae palepale milele. Hao North British waliokiunda kichwa chako walizaliwa mwaka 1903 kwa viwanda vitatu kuungana, wakawa wakubwa kuliko wote Ulaya kwa vichwa vya mvuke. Dunia ilipohamia dizeli walichelewa, na dizeli zao hazikupata sifa. Mwaka 1962 wakafunga milango, miaka kumi tu baada ya kutuletea kundi la 13. Reli inayojengwa sasa kutoka Mwanza kuja Isaka, kilomita 341, ni ya umeme. Tayari toka 2024 watu wanapanda treni ya umeme Dar es Salaam hadi Dodoma. Mimi niliyefuta masizi sitaiendesha. Mwenye cheti cha umeme mkoani Shinyanga ni wewe.

Basi jibu langu ni hili. Nina ng'ombe wawili ambao naweza kuwaacha waende, na safari hii nitawauliza ndugu kwanza. Njoo Jumapili. Lete karatasi iliyoandikwa kwa mkono wako: majina ya wabia, leseni ni ya nani, duara lina kina gani, sampuli ngapi zimeoshwa na wewe ukiwepo, matimba, dizeli na chakula cha miezi sita bila gramu hata moja, na mwisho kabisa ile siku utakayotoka. Nikikuta hesabu ya nyuma imekaa vizuri, ng'ombe ni wako, na ukitoa dhahabu uiuze kwenye soko la madini pale Geita kwa risiti, usimpe mtu wa pikipiki.

Kiwanja hakimo kwenye hesabu hiyo. Hati iko ndani ya sanduku la bati, ufunguo umefungwa kwenye pindo la kanga ya bibi yako, na bibi yako nimeshamsomea ujumbe wako.